Je, Wajua? Desemba 9 na Wageni Wake

Kwa Mtanzania, Desemba 9 ni siku ya Uhuru: gwaride, nyimbo za shule, hotuba, na redio inayorudia sauti za zamani. Ni haki yetu kuisherehekea. Lakini tarehe hiyohiyo imebeba vita, hukumu, mikataba na vilio vya watoto wachanga katika miji ya mbali, na mengi ya hayo yalisafiri yakafika hadi mlangoni kwetu. Nimeyakusanya hapa kwa sababu naamini anayeijua vizuri siku yake huipenda zaidi.

Je, wajua kwamba usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, wakati umati ukiwa umefurika uwanjani Dar es Salaam, kulikuwa na askari wa Tanganyika waliokuwa wakitetemeka kwa baridi kwenye kilele cha Kibo, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari? Luteni Alexander Nyirenda ndiye aliyesimika bendera na mwenge pale juu. Mwalimu Nyerere alikuwa ameitaja nia hiyo ya kuwasha mwanga juu ya Kilimanjaro katika Baraza la Kutunga Sheria mnamo Oktoba 1959, miaka miwili kabla, wakati nchi haijapata hata serikali ya madaraka. Kilele chenyewe kilikuwa kinabeba jina la Kaisari Wilhelm tangu mwaka 1889, alipolitoa Mjerumani Hans Meyer. Baada ya usiku ule kikaitwa Uhuru, na hadi leo kila mpanda mlima, awe ametoka Tokyo au Moshi, hupiga picha chini ya neno hilo la Kiswahili.

Je, wajua kwamba Tanganyika huru ilikuwa na malkia? Ndiyo. Bendera ya Uingereza ilishushwa mbele ya Prince Philip, taa zikazimwa, zikawashwa, na bendera mpya ikaonekana juu ya mlingoti. Lakini kwa mwaka mzima uliofuata mkuu wa nchi kisheria alikuwa Malkia Elizabeth II, akiwakilishwa na Gavana Jenerali Richard Turnbull, yuleyule aliyekuwa gavana wa mkoloni. Nyerere naye hakukaa kwenye uwaziri mkuu. Januari 1962 alijiuzulu ili akakijenge chama chake, akamwachia kiti Rashidi Kawawa. Ni Desemba 9, 1962 Tanganyika ilipokuwa Jamhuri na Nyerere akaapishwa kuwa rais, baada ya kumshinda Zuberi Mtemvu kwa zaidi ya asilimia 98 ya kura. Mtemvu aligombea akijua fika upepo unavuma upande gani. Kusimama peke yake dhidi ya mtu aliyependwa kiasi kile kulihitaji moyo, na nadhani tunamtaja mara chache mno.

Kwa hiyo mtu akiuliza Desemba 9 inaadhimisha nini, majibu ni mawili: Uhuru wa 1961 na Jamhuri ya 1962.

Je, wajua kwamba siku Tanganyika ilipotimiza miaka kumi ya uhuru, Desemba 9, 1971, alifariki New York mtu aliyekuwa na mkono wake katika safari ya uhuru huo? Ralph Bunche, Mmarekani Mweusi, mtaalamu wa sayansi ya siasa, alishiriki kuandika sura za Mkataba wa Umoja wa Mataifa zinazohusu nchi zilizo chini ya udhamini, kisha akaiongoza idara ya udhamini ya umoja huo. Tanganyika ilikuwa mojawapo ya nchi hizo. Ndiyo maana Nyerere aliweza kufunga safari mwaka 1955 kwenda New York kusimama mbele ya Baraza la Udhamini na kudai kwamba nchi hii ni ya Waafrika, jambo ambalo kiongozi wa koloni la kawaida hakuwa na mlango wa kulipeleka.

Na kuna zaidi. Bunche alipokuwa London katika miaka ya 1930, mmoja wa watu waliomfundisha Kiswahili alikuwa Jomo Kenyatta, aliyekuwa akisoma anthropolojia kule London School of Economics. Mwaka 1938 Bunche akaja Kenya, akakaa miongoni mwa Wakikuyu, wakampa jina la Kariuki, yaani aliyefufuka. Waliona, nadhani, kwamba mtu ambaye mababu zake walichukuliwa kwa minyororo amerudi kwa miguu yake. Mwaka 1950 akawa mtu Mweusi wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Amani, kwa kazi ya kuwapatanisha Waisraeli na nchi jirani za Kiarabu.

Je, wajua kwamba Desemba 9 ilikuwa siku ya uhuru kwa watu wengine miaka 137 kabla yetu? Mwaka 1824, kwenye uwanda wa Quinua karibu na mji wa Ayacucho nchini Peru, zaidi ya mita 3,000 juu milimani, jeshi la wapigania uhuru likiongozwa na Antonio José de Sucre lilivunja nguvu ya Hispania katika Amerika ya Kusini. Sucre alikuwa na miaka 29 tu. Jeshi lake lilikuwa dogo kuliko la adui, na bado jioni ile mwakilishi mkuu wa mfalme wa Hispania, José de la Serna, alikuwa mateka. Mji wa Sucre kule Bolivia umepewa jina lake.

Je, wajua kwamba Desemba 9, 1946 ilikuwa na mambo matatu makubwa kwa mpigo? New Delhi, Bunge la Katiba la India lilikaa kwa mara ya kwanza, miezi minane kabla ya uhuru. Viti vya Muslim League vilikuwa vitupu kwa sababu chama hicho kilisusia. Siku hiyohiyo, katika kijiji cha Lusiana kaskazini mwa Italia, akazaliwa mtoto wa kike ambaye angekuja kuolewa India na kukiongoza chama cha Congress kwa karibu miaka 20: Sonia Gandhi. Na mjini Nuremberg, Ujerumani, ikaanza kesi ya madaktari wa Hitler.

Jambo hilo la tatu linastahili tulitulie. Washtakiwa walikuwa 23, wengi wao madaktari wenye shahada na vyeo. Walishtakiwa kwa kuwafanyia wafungwa majaribio ya kikatili: kuwazamisha katika maji ya barafu, kuwaambukiza malaria na homa ya chawa, kuwaweka katika chemba zisizo na hewa ya kutosha ili kupima binadamu anavumilia mpaka wapi. Kumi na sita walitiwa hatiani, saba wakanyongwa. Katika hukumu yao majaji waliandika kanuni kumi, na ya kwanza inasema kwamba mtu hawezi kufanyiwa utafiti bila ridhaa yake ya hiari. Leo mama anapoombwa kusaini au kuweka dole gumba kwenye fomu ya ridhaa kabla ya kushiriki majaribio ya chanjo Bagamoyo au Kilifi, karatasi ile ina ukoo unaofika hadi chumba kile cha mahakama.

Je, wajua kwamba mtu aliyewezesha kutengenezwa kwa mbolea ya chumvichumvi alizaliwa Desemba 9? Fritz Haber alizaliwa mwaka 1868 mjini Breslau, ambao sasa ni Wrocław nchini Poland. Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78, lakini mmea hauwezi kuila ikiwa hewani. Haber aligundua jinsi ya kuilazimisha iungane na haidrojeni kwa joto kali na shinikizo kubwa hadi iwe amonia. Mhandisi Carl Bosch akaigeuza mbinu hiyo kuwa kazi ya kiwandani, na kiwanda cha kwanza kikaanza mwaka 1913. Tazama gunia la urea kwenye duka la pembejeo, pale Mbeya au Kitale. Utaona tarakimu 46-0-0. Hizo 46 ni asilimia ya naitrojeni, na naitrojeni hiyo imepitia njia ya Haber. Karibu nusu ya watu wote duniani wanalishwa na mazao yanayotegemea mbolea ya aina hiyo.

Siwezi kuishia hapo, maana Haber huyohuyo ndiye aliyesimamia matumizi ya gesi ya klorini dhidi ya askari karibu na Ypres, Ubelgiji, Aprili 22, 1915. Siku kumi baadaye mkewe Clara, ambaye naye alikuwa mkemia, alijiua kwa bastola ya mumewe. Haber alipewa Nobel ya Kemia ya mwaka 1918. Mwaka 1933 Wanazi walipotwaa madaraka, asili yake ya Kiyahudi ikamfanya aache kazi na kuihama nchi aliyoitumikia kwa kila kitu, na Januari 1934 akafia Basel, Uswisi. Taasisi aliyoiongoza ilikuwa imetengeneza dawa ya kuulia wadudu, na aina iliyotokana nayo ndiyo Wanazi walitumia baadaye kuwaua Wayahudi kambini. Mtu mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa, na ndani yake chakula cha mabilioni na pumzi zilizokatwa za maelfu. Sioni namna ya kumpima kwa mizani moja.

Je, wajua kwamba Arusha ina deni na Desemba 9? Mwaka 1948, katika jengo la Palais de Chaillot mjini Paris, Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Kuzuia na Kuadhibu Kosa la Mauaji ya Kimbari. Hiyo ilikuwa siku moja kabla ya Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu. Aliyeupigania mkataba huo mlango kwa mlango ni mwanasheria Raphael Lemkin, Myahudi wa Poland ambaye jamaa zake wengi waliuawa na Wanazi. Alikaa kwenye korido za Umoja wa Mataifa akiwavizia mabalozi hadi wengine wakaanza kumkwepa. Alifariki mwaka 1959 akiwa fukara, na hakuna mahakama ya kimataifa iliyokuwa imemhukumu mtu hata mmoja kwa kosa hilo.

Ilichukua karibu miaka 50 tangu mkataba upitishwe. Septemba 2, 1998, jijini Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, kwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina hiyo kutolewa na mahakama ya kimataifa popote duniani. Majaji walikwenda hatua zaidi: walisema ubakaji nao unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari pale unapofanywa kwa nia ya kuliangamiza kundi la watu. Wanawake wa Taba walisafiri kuja kutoa ushahidi, wakasimulia mbele ya watu wasiowajua mambo ambayo wengi wao hawakuwa wameyasimulia hata nyumbani. Bila ujasiri wao, kifungu kile cha Paris kingebaki karatasi. Tangu mwaka 2015 Desemba 9 ni siku ya kimataifa ya kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari, na ningependa siku moja nisikie watu hao wakitajwa, hata kwa sentensi moja, katika sherehe zetu.

Je, wajua kwamba Yerusalemu ilisalimu amri Desemba 9? Ni mwaka 1917. Waturuki walikuwa wameondoka usiku, na meya Hussein al-Husseini akatoka nje ya mji akiwa na shuka jeupe, akitafuta Mwingereza wa kumkabidhi mji. Ilimlazimu kuzunguka asubuhi ile, kwa sababu askari wa mwanzo aliokutana nao hawakuwa na cheo cha kupokea mji mtakatifu. Siku mbili baadaye Jenerali Allenby akaingia kwa miguu kupitia Lango la Jaffa. Vita hivyohivyo, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, vilikuwa vinawaua watu wetu: wiki mbili tu kabla, Jenerali von Lettow-Vorbeck wa Ujerumani alikuwa ameuvuka mto Ruvuma kuingia eneo la Wareno, akifuatwa na askari na wapagazi wa Kiafrika ambao majina yao mengi hayakuandikwa popote.

Je, wajua ni nchi gani ilikuwa ya kwanza duniani kuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Rushwa? Kenya. Mkataba ulifunguliwa kwa saini mjini Mérida, Mexico, Desemba 9, 2003, na siku hiyohiyo Kenya ikasaini na kuridhia kwa pamoja. Serikali ya Mwai Kibaki ilikuwa haijatimiza mwaka, na matumaini ya wananchi yalikuwa juu sana. Ndiyo maana Desemba 9 ni Siku ya Kupinga Rushwa Duniani. Heshima ya kuwa wa kwanza ni ya kweli, na Wakenya wana haki ya kuwakumbusha viongozi wao kila mwaka siku hii ikifika.

Haraka haraka: Desemba 9, 1905 Ufaransa ilipitisha sheria ya kutenganisha dini na dola. Desemba 9, 1990 fundi umeme wa kiwanda cha meli cha Gdańsk, Lech Wałęsa, alichaguliwa kuwa rais wa Poland. Mwigizaji Kirk Douglas alizaliwa siku hii mwaka 1916 na akaishi miaka 103. Mwigizaji mwenzake Judi Dench alizaliwa mwaka 1934, na Oscar yake aliipata kwa kuonekana dakika nane hivi tu kwenye filamu. Clarence Birdseye, aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1886, aliwatazama Wainuiti wa Labrador wakivua samaki wanaoganda papo hapo kwenye upepo wa baridi kali. Akatambua kwamba kuganda kwa kasi hufanya chembe za barafu ziwe ndogo na nyama isilegee. Minofu ya sangara inayogandishwa Mwanza na Kisumu kwenda nchi za nje inafuata kanuni hiyohiyo.

Je, wajua kwamba mshairi kipofu John Milton alizaliwa Desemba 9, 1608, London? Alipoteza kabisa uwezo wa kuona kufikia mwaka 1652, na utenzi wake mkubwa, Paradise Lost, aliutunga kichwani usiku na kuusema asubuhi ili wengine waandike. Mwandishi akichelewa, Milton alilalamika kwamba anataka kukamuliwa, kama ng'ombe aliyejaa maziwa. Mwaka 1667 aliuza haki ya kuchapisha kazi hiyo kwa pauni tano taslimu na ahadi ya nyingine tano nakala za kwanza zikiisha. Watunzi wetu wa pwani, ambao tenzi zao zilikaririwa na kunakiliwa na wengine bila wao kuona senti, wangemwelewa vizuri.

Je, wajua kwamba kompyuta ina sababu mbili za kuipenda tarehe hii? Grace Hopper alizaliwa New York Desemba 9, 1906. Jeshi la maji la Marekani kwanza lilimkataa: umri umempita na uzito wake ni mdogo mno. Aliingia hata hivyo, na mwaka 1952 akatengeneza programu inayoyageuza maagizo ya binadamu kuwa lugha ya mashine, wakati wenzake wakimwambia kompyuta haiwezi kazi hiyo. Wanafunzi wake walimkumbuka kwa vipande vya waya alivyokuwa akiwagawia, kila kimoja urefu wa sentimita 30: huo ndio mwendo ambao mwanga husafiri katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Alistaafu akiwa na miaka 79 na cheo cha admeri.

Sababu ya pili: Desemba 9, 1968, siku Hopper alipotimiza miaka 62, Douglas Engelbart alipanda jukwaani San Francisco mbele ya wataalamu wapatao elfu moja. Kwa dakika 90 aliwaonyesha kipanya cha kompyuta, maandishi yanayobofywa yakakupeleka kwingine, na mazungumzo ya video na wenzake waliokuwa kilomita karibu 50 kutoka pale. Kipanya cha kwanza kabisa, kilichoundwa miaka michache kabla, kilikuwa kisanduku kidogo cha mbao chenye magurudumu mawili chini. Hati miliki ilikuwa ya taasisi aliyofanyia kazi, na Engelbart hakulipwa mrabaha wowote kwa kifaa kilichokuja kukaa kwenye kila meza ya ofisi.

Je, wajua kwamba Desemba 9 imeigusa Somalia mara mbili, kwa njia mbili tofauti kabisa? Mwaka 1992, usiku wa giza, wanajeshi wa Marekani walitua ufukweni Mogadishu katika operesheni ya kulinda chakula cha msaada wakati wa njaa kubwa. Walitambaa mchangani nyuso zikiwa zimepakwa rangi, wakapokewa na taa kali za kamera za waandishi waliokuwa wanawasubiri. Wakati huo mamia ya maelfu ya Wasomali walikuwa wameshavuka mpaka na kuingia Kenya, na kambi za Dadaab zilikuwa zimeanza kujaa.

Mara ile nyingine ni habari njema kuliko zote nilizoandika hapa. Desemba 9, 1979, mjini Geneva, tume ya wanasayansi ilitia saini hati inayothibitisha kwamba ndui imetokomezwa duniani. Ugonjwa huo uliua watu wapatao milioni 300 katika karne ya 20 peke yake. Ulishindwa kwa sindano ndogo yenye ncha mbili, ambayo hushika tone moja la dawa katikati ya ncha zake na kudungwa mara 15 upesi juu ya ngozi, na kwa wahudumu waliotembea kijiji hadi kijiji wakitafuta kila mgonjwa na kuwachanja wote waliomzunguka. Mtu wa mwisho kuugua ndui kwa maambukizi ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, kusini mwa Mogadishu. Oktoba 1977 aliingia kwenye gari lililobeba watoto wawili wagonjwa ili amwonyeshe dereva njia. Ilikuwa safari ya dakika chache. Alipoanza kuumwa walidhani ni malaria, kisha tetekuwanga. Alipona. Miaka miwili ilipopita bila mgonjwa mwingine, ilitangazwa Nairobi, Oktoba 26, 1979, kwamba Pembe ya Afrika imesafika, na Geneva ikafuata wiki sita baadaye.

Maalin hakuishia kuwa jina kwenye vitabu vya tiba. Baadaye maishani alijitolea katika kampeni ya chanjo ya polio, akiwaambia wazazi wenye shaka kwamba yeye ndiye mgonjwa wa mwisho wa ndui na hataki Somalia iwe ya mwisho tena. Polio ilipozuka upya nchini humo mwaka 2013 alirudi kazini, akashikwa na malaria, na akafariki Julai mwaka huo akiwa bado katika kazi hiyo.